Chumba Chenye Joto

Vichwa vya misumari vilikuwa vimetoa kutu juu ya rangi mpya. Dari yote ya chumba kile ilikuwa nyeupe pe, imepakwa juzijuzi hata harufu haijakatika, lakini kila palipopigwa msumari palikuwa na doa la kahawia. Nilisimama katikati ya chumba, shingo nimeiinua, nikasahau hata kumjibu dalali aliyekuwa akinisifia vigae vya sakafuni.

Mimi ni mwoka mikate. Kazini kwetu tuna chumba cha kuumulia unga, chenye joto na mvuke mchana kutwa, na dari ya chumba kile haina siri kwangu. Kila mwaka tunaipaka rangi, na kila mwaka misumari inatokeza kutu upya. Mvuke hauna adabu, hauheshimu rangi ya mtu. Sasa chumba cha kulala kiliupata wapi mvuke wa namna ile?

"Mlikuwa mkioka mikate humu?" nilimuuliza dalali.

Akacheka. "Dada, una utani! Hiki ni chumba cha kulala. Tena ndicho bora kuliko vyote."

Ndivyo alivyosema mama pia. Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Jemadari kwa jinsi anavyopenda kutoa amri, alimleta kuiona nyumba wiki iliyopita, kabla ya kunileta mimi. Mama ana pumu. Nyumba tuliyopanga ina unyevu unaomkaba kifua, kwa hiyo mimi na kaka tulikuwa tumeungana kumnunulia mahali pake pa kupumulia. "Humu mna joto," mama alisema, akakichagua chumba hiki palepale, na Jemadari akarudi nyumbani kifua mbele. Baba alipofariki kaka ndiye aliyetubeba. Tangu hapo neno lake halikupingwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia sawa.

Siku hiyo ile sawa sikuitoa.

Nikaenda dirishani. Kwenye fremu, pembe zote nne, palikuwa na gundi iliyokauka na mabaki ya karatasi ya kung'aa. Mtu alikuwa ameziba kioo chote, mwanga usiingie wala kutoka. Nikafungua kabati la ukutani. Kwenye ukuta wa ndani ulitokeza waya mnene wa umeme, wa kutosha kuendesha tanuri langu, umekatwa na kuzungushiwa utepe. Na kule juu, kwenye kona, palikuwa na tundu la duara lililozibwa kwa haraka, upana wake kama sahani.

"Una kazi kweli," kaka alisema kutoka mlangoni. "Unanunua nyumba au unaitafutia kesi?"

"Nipe ile ngazi waliyoiacha wapaka rangi hapo nje, kaka."

"Ya nini?"

"Nipe kwanza. Maneno baadaye."

Alinitazama kana kwamba ni mgeni aliyevaa nguo za dada yake. Lakini akaileta. Dalali akajisogeza mbele yangu, tabasamu limemganda usoni. "Dada, utaharibu rangi ya watu."

"Rangi nitaipaka mwenyewe," nikamwambia, nikapanda.

Nilikwaruza kandokando ya lile duara kwa ufunguo. Rangi ikabanduka kama utando wa maziwa. Chini yake palikuwa peusi, pamejaa ukungu wenye manyoya, na uvundo ukanishukia usoni hadi nikafumba macho. Kaka naye aliupata pale alipokuwa. Nikamwona akijifunika pua kwa kiwiko.

"Hiki ni nini?" alimuuliza dalali, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Dalali akajikuna shingo. "Wapangaji waliotoka. Walikuwa wanalima bangi humu ndani. Vyungu, taa kubwa, mabomba ya kutolea hewa. Lakini polisi wamewaondoa, mambo yamekwisha. Na mwenye nyumba yuko tayari kushusha bei."

Hapo nikaliona jicho la kaka likiwaka kwa kusikia bei. "Tunaweza kuibandua dari," alisema. "Tukaweka nyingine."

"Na nyaya walizozichezea ndani ya kuta? Na mbao za paa? Sisi kazini tunabandua, ukungu unarudi. Mama atalala akivuta huu uchafu, kaka."

"Ameshakipenda chumba. Nimempa neno langu."

"Basi nitalivunja mimi."

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili. Namwogopa kaka yangu kuliko kimo chochote cha ngazi. Lakini sikushuka mpaka aliposema, "Haya. Kamwambie mwenyewe."

Mama alikuwa garini, nje ya geti, na mapajani alikuwa na kitambaa cha pazia alichokwisha kukikata kwa kipimo cha dirisha lile. Nilimweleza yote bila kupunguza wala kupamba. Jemadari alisimama nyuma yangu, mikono mifukoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

Mama akakikunja kitambaa taratibu. "Siku ile niliyoingia humo," alisema, "nilirudi nikalala nimekaa, nikitafuta pumzi. Mpaka asubuhi."

"Mama! Na hukuniambia?" kaka akasema.

"Ulikuwa umefurahi mno, mwanangu."

Kaka akanipita. Akachuchumaa kando ya mlango wa gari, katika suruali yake ya heshima, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mama. Sijawahi kumsikia akiuliza jambo kwa sauti ndogo kiasi kile.

"Kuna mengine hukuniambia?"

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Akajisogeza kwenye kiti, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyo kando yake.

"Yapo," alisema. "Ingia ukae."