Katuni ya Shemeji

Mchora katuni alikuwa na kioo mezani, na si cha urembo. Akitaka kuchora uso wa mkubwa yeyote, aliuigiza kwanza yeye mwenyewe: akabinua mdomo, akatumbua macho, kisha akachora alichokiona. Wenzake gazetini walicheka mpaka machozi.

Siku hiyo alimwigiza waziri aliyetoswa na chama chake asubuhi. Wajumbe wale wale waliokuwa wakimpigia makofi hadi viganja vikawaka moto walitoka ukumbini, wakamwacha akivihutubia viti. Katuni ilikuwa imejichora yenyewe. Balaa ni kwamba waziri huyo alikuwa mume wa dada yake, dada yule yule aliyemlea tangu wazazi walipofariki na kumnunulia rangi zake za kwanza.

"Usipomchora," mhariri alimwambia, "watu watasema unawachora ndugu wa wenzako tu."

Basi akalegeza mashavu, akaning'iniza mdomo, akaanza kuchora. Chumba kizima kikaangua kicheko, halafu kikanyamaza ghafla. Akageuka, mdomo bado unaning'inia, akamwona dada yake mlangoni.

Alidhani amekuja kumsihi asichore. Wala.

"Nimekuja kukuita chakula," dada alisema taratibu. "Tangu asubuhi simu haijalia. Shemeji yako kaniambia nipike kingi, eti watu watakuja kumpa pole. Njoo, angalau awepo mtu."

"Dada, mimi..."

"Mimi sijaona kitu," akasema, akaondoka.

Angeweza kuuchana ule mchoro pale pale. Hakuuchana. Aliumalizia, na Mungu amsamehe, ulitoka mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Akamkabidhi mhariri, akaenda kwa dada yake.

Shemeji alimfungulia mlango mwenyewe, akamkumbatia mpaka mbavu zikamuuma.

"Unaona, mama watoto?" akaita kwa furaha. "Si nilikwambia? Wote wanigeuke, huyu hawezi!"

Akamketisha kando yake kwenye meza iliyojaa masufuria, wakiwa wao watatu tu. Shemeji alipoinuka kwenda kunawa, dada alimsogelea mdogo wake.

"Umeshaipeleka?"

Mchora katuni akaitikia kwa kichwa. Dada akampakulia sahani ikajaa.

"Kula, mdogo wangu," akasema. "Kula ushibe, maana kesho sitaweza kukufungulia mlango."