Waya wa Mita Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota napiga polishi gari lisilokuwa na mwisho.

Mimi ni fundi polishi. Naitwa Ambonisye, nafanya kazi kwenye kituo cha kuoshea magari cha Mama Sekela, hapa Mbeya, na huu ni mwaka wa tisa nashika mashine. Tangu Februari vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vina ganzi. Mama Sekela hajui. Mke wangu Tumpe hajui. Jana jioni nilitia mkono kwenye beseni la kumwogeshea mtoto wetu, Lugano, nikasema maji yako sawa. Tumpe akayajaribu kwa kiwiko, akaruka.

"Unataka kumbabua mtoto?"

Nikacheka, nikasema nilikuwa nawaza mambo mengine. Nikaenda kulala na hilo moyoni.

Ndotoni ilikuwa mchana mweupe. Gari ni jeusi, limeegeshwa kando ya ukuta wenye soketi. Waya wa mashine nimeupitisha begani, kama inavyotakiwa, usije ukakwaruza rangi. Namaliza mlango wa mbele, nafuata wa nyuma. Baada ya mlango wa nyuma kuna mlango mwingine. Halafu mwingine. Sikushangaa. Niliona tu kwamba siku itakuwa ndefu.

Kwenye mlango wa saba waya ukanivuta bega.

"Fundi," ukasema, "mimi mwisho wangu ni hapa."

"Bado kuna milango."

"Naiona. Lakini mimi ni mita nne. Ndivyo nilivyozaliwa."

"Basi nitakuunga na ekstensheni."

"Niunge," ukasema bila kinyongo, kama mtu aliyekwisha kuwaonya wengi. "Ila ekstensheni zako ni nyembamba. Umeme utafika umechoka."

Nikaunga tatu. Nikabonyeza swichi. Mashine haikuzunguka. Nikasubiri. Baada ya muda nikasikia hatua ndani ya waya, hatua za polepole, na mtu anakohoa. Kisha kwenye plagi akatoka bibi mmoja mfupi, amejifunga kilemba, ana fimbo, anahema.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ndiye Umeme. Pana mahali pa kukaa?"

Nikamgeuzia ndoo. Akaketi, akanyoosha miguu.

"Nilipotoka ukutani nilikuwa msichana," akasema. "Sasa nitazame. Nyaya zako umeziacha zimeviringishwa, joto humo ndani halisemeki. Pale katikati nimepita kwenye dimbwi nimeshika roho. Haya, nyumba yenyewe ninayotakiwa kuingia ni ipi?"

Nikamwonyesha mashine. Aliitazama, akatikisa kichwa.

"Hiyo inatetemeka. Siingii mpaka nijue ni nani anaishi humo."

Ilikuwa kweli. Mashine haijawaka na bado inatetemeka. Naishika kwa mikono miwili. Mtetemo unapanda viganjani, unafika kwenye viwiko, meno yananigongana. Nataka kuiweka chini lakini vidole havifunguki. Mlango wa nane wa gari unafunguka wenyewe, na kwa kuwa mashine inanivuta huko, naingia.

Ndani hakuna viti vya gari. Ni kliniki ya watoto. Akina mama wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na beseni miguuni. Mwisho kabisa wa chumba namwona Tumpe. Amempakata Lugano, amekwisha kumvua nguo. Beseni lao linatoa mvuke, lakini kwa baridi ile ya Mbeya hata pumzi za watu zilikuwa zinatoa mvuke, kwa hiyo macho hayakunisaidia.

"Baba Lugano," Tumpe ananiita, "njoo ujaribu maji. Nesi anasema leo ni zamu ya akina baba."

Naenda. Nafika karibu, nanyoosha mkono, kitu kinanizuia kwa nyuma. Mashine mkononi sina tena. Ila waya upo. Umetoka mgongoni kwangu, chini ya shati, umepita mlangoni, umekwenda mpaka ukutani kwenye soketi.

Nesi akaja na futi ya fundi cherehani. Akapima kutoka ncha ya kidole changu hadi ukingo wa beseni.

"Umepungukiwa shubiri moja," akasema. "Pole."

"Nisogezewe beseni?"

"Hairuhusiwi." Akanionyesha tangazo ukutani. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: MZAZI ASIZIDI UREFU WA WAYA WAKE.

"Nikichomoa?"

"Ukichomoa kazi inasimama. Gari litabaki nusu."

"Imebaki milango mingapi?"

Nesi akachungulia dirishani, akahesabu kwa midomo. "Yote," akasema.

Hapo mtu akakohoa ndani ya kidole changu cha kati.

"Hodi," ikasema sauti.

Nilifikiri nikinyamaza ataondoka. Badala yake akatoka, bwana mwembamba mwenye suti iliyokunjamana na sanduku mkononi. Kila kitu mwilini mwake kilikuwa kinatikisika, hata tai.

"Usiwe na wasiwasi, mwenyeji wangu," akasema. "Mimi ni Mtetemo. Nakaa kwako tangu Februari, vyumba vitatu. Niliingilia kwenye ile sponji ya mashine yako, iliyolika upande mmoja. Ulikuwa unaiona kila siku, unasema bado inafaa."

"Mgeni siku mbili," nikamwambia, "siku ya tatu mpe jembe."

"Nililingoja hilo jembe. Hukunipa. Nikajua nimekaribishwa." Akafungua sanduku kidogo, akaangalia ndani, akafunga. "Kesho nahamia kwenye kiganja. Pana nafasi zaidi, nami nina familia."

"Toka mkononi mwangu."

"Siwezi kutoka kimyakimya kama mwizi. Niliingia bila kutangazwa, nikaishi bila kutangazwa. Nitaje mbele ya mwenye nyumba, ndipo nitaanza kufikiria safari."

Mwenye nyumba ni Tumpe. Nikamtazama. Alikuwa anamtikisa Lugano ili asilie kwa baridi.

"Akijua, Mama Sekela naye atajua," nikamnong'oneza yule bwana. "Mama Sekela akijua, atanitoa kwenye mashine. Mimi kazi nyingine siijui."

"Hayo siwezi kukuambia," akasema kwa upole. "Mimi natetemesha tu."

Tumpe akaanza kumshusha mtoto. Kisigino cha Lugano kiko juu ya maji, upana wa vidole viwili.

"Baba Lugano, ni sawa au si sawa? Mtoto anapigwa na baridi."

Akina mama wote wakageuka. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, neno lile lile la jana, "sawa", na nikahisi limefika kwenye meno. Moyo wangu ulidunda mpaka beseni la jirani likafanya mawimbi.

Nikapeleka mkono mgongoni, nikauchomoa waya.

Haukuuma. Kilichokuja ni utulivu. Kwa miaka tisa sikuwahi kuusikia mkono wangu umetulia, na ulivyotulia uliniogopesha kuliko ulivyokuwa ukitetemeka. Nje nikamwona Bibi Umeme anainuka kwenye ndoo, anajifunga kilemba upya, anaanza safari ya kurudi ukutani. Gari lote lilikuwa limepauka, kuanzia mlango wa kwanza.

Nikapiga hatua mbili. Nikatia mkono kwenye maji mpaka kifundo. Nikangoja maji yaniambie lolote. Hayakuniambia kitu.

"Je?" akauliza Tumpe.

"Sijui."

"Hujui vipi, na mkono umo?"

"Sijui, Mama Lugano. Vidole vyangu havisikii. Hata jana havikusikia, nilikudanganya. Usimshushe."

Alimwinua mtoto kwa haraka mpaka miguu ikampiga kidevuni. Nilingoja anigombeze. Nesi alikuwa amekunja futi, anatazama sakafu.

"Vingapi?" akauliza Tumpe.

"Vitatu."

"Tangu lini?"

"Februari."

Midomo yake ikaanza kusogea. Nadhani alikuwa anahesabu miezi, na mara ngapi katika miezi hiyo alinipa mtoto nimshike huku mgongo wake umenigeukia.

"Lete hapa," akasema.

Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika Lugano. Kwa hiyo alikishika kidole changu cha kati kwa meno, akang'ata.

"Unasikia?"

"Hapana."

Akaongeza nguvu. "Sasa?"

"Kidogo. Kwa mbali."

"Kwa mbali ni wapi?"

"Kama mita tano hivi," nikasema, na hilo ndilo lilinifanya nilie, kwa sababu waya wangu ulikuwa wa mita nne tu, usingefika.

Yule bwana alikuwa amekwisha kulichukua sanduku lake. "Nimesikia nimetajwa," akasema. "Sikuahidi kwamba nitaondoka leo. Mizigo ni mingi. Lakini nimeanza kufunga." Akapita mbele ya mabenchi, na kila beseni alilolipita maji yake yalitetemeka, halafu yakatulia.

Tumpe akang'ata mara ya tatu, na nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani amekwisha kumaliza kazi yake. Lugano amelala katikati yetu, mdomo wazi. Tumpe amekaa kitandani ananipa mgongo, anafuta ulimi kwa upindo wa kanga, anatema, anafuta tena.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akageuka. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekula kitu asichokijua.

"Baba Lugano," akasema, "hebu niambie. Kwa nini mdomo wangu una ladha ya polishi?"

Nikautoa mkono wa kulia chini ya blanketi, nikampa aushike.