Maotea Nyuma ya Ghala

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katikati ya shamba langu la ngano huku Basotu, asubuhi na mapema, na jani moja likaniamkia.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba. Nilipoinama niliona aliyesema si jani, bali kibwana kidogo kama punje ya ulezi, kavaa suti ya rangi ya matofali, kakaa juu ya jani huku akitazama saa yake.

Nilimuuliza jina. Alisema yeye ni Kutu, ugonjwa wa ngano. Ili aingie ndani ya jani, alinieleza, anahitaji liwe na umande kwa muda wa saa sita mfululizo, na sasa zimetimia tano na nusu. Akaniomba nisogee kidogo upande wa mashariki nimkingie jua.

Nilisogea upande wa magharibi. Jua likatoka, umande ukakauka, na Kutu akairudisha saa yake mwanzo bila kununa. Atajaribu tena kesho, alisema. Yeye na ndugu zake ni wengi.

Nikamuuliza wanaishi wapi kabla ngano hazijaota.

"Kwako," akasema. "Nyuma ya ghala."

Hapo shamba halipo tena. Nipo mapokezi ya nyumba ya wageni, nyuma ya ghala langu. Wahudumu ni maotea, yaani zile ngano zilizojiotea zenyewe baada ya mavuno, ambazo niliziacha kwa ajili ya mbuzi. Yamefunga vilemba. Yananikaribisha kwa adabu na kuniomba radhi, vyumba vimejaa tangu kiangazi. Kwenye kila jani amelala Kutu mmoja, wengine wameamka wanapiga mswaki. Juu ya kaunta kuna daftari la safari za upepo. Nasoma: shamba la Mama Amsi, yaani langu, keshokutwa. Shamba la Mzee Gidamis, siku hiyohiyo.

Mzee Gidamis ni jirani yangu. Tulikuwa hatujasalimiana misimu miwili kwa sababu ya mpaka, hatua mbili tu za ardhi. Kwa hiyo nilimwambia Kutu, bila aibu, basi aende kwa huyo aniache mimi. Kutu alinitazama kwa huruma. Alisema habari za huo mpaka amezisikia, ila hajawahi kuuona.

Ekari zangu nane zinalisha watu saba.

Nilimuuliza itakuwaje nikiyang'oa maotea. Alijibu kama mtu aliyeulizwa njia: yeye hula kilicho hai tu, akikosa jani bichi hadumu.

"Mbona unaniambia?"

"Umeniuliza, mama."

Naanza kung'oa. Kila shina ninalong'oa linanikabidhi ufunguo wa chumba na kunishukuru. Funguo zinajaa kwenye kanga. Lakini nyumba haiishi, inaendelea mpaka nyuma ya ghala la Mzee Gidamis, na yeye mwenyewe yuko huko, kainama, anang'oa, kapu lake la funguo pembeni. Hatusalimiani. Tunang'oa tukielekeana.

Tulipokaribiana alisema, bila kuinua kichwa, kwamba msimu ujao tupande mbegu inayostahimili kutu, sote wawili, kwa kuwa akipanda mmoja haisaidii kitu. Nikakubali. Nikaongeza kwamba kila asubuhi tukague majani, yeye akague yangu na mimi yake. Naye akakubali.

Akina Kutu walipanga foleni na mabegi yao, wakatuaga kwa mkono mmoja mmoja. Yule wa kwanza aliniuliza kama najua mahali pengine pazuri pa kufikia. Nilimjibu sijui, na kweli sikujua. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyemaliza kuanua nguo kabla mvua haijanyesha.

Nikaamshwa na hodi. Jua lilikuwa limeshachomoza. Mume wangu, Bura, alikwenda kufungua, akarudi ameduwaa, akasema Mzee Gidamis yuko mlangoni.

Nilitoka nikamwamkia. Aliitikia. Viganja vyake vilikuwa na vumbi jekundu, na kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na jani moja la ngano, bichi bado. Akatazama upande wa ghala.

"Mama Amsi, umewahi mno kuamka," akasema taratibu. "Tulikuwa tumebakiza mstari mmoja."