Boti ya Kunyoosha Miguu

Fundi alinionyesha boti tatu: nyembamba ya mtoni, ya ziwani yenye kuta ndefu, na moja pana inayofaa kote. Niliingia hiyo pana nikalala chali.

“Mzee, vitanda vinauzwa duka la pili,” fundi akasema.

“Baba, tunatafuta ya kuvulia,” binti yangu akanong’ona.

Nikamwambia alale yeye, maana kimo chake ni cha marehemu mama yake. Mama yake tulimpeleka hospitali amejikunja kwenye mtumbwi wetu mwembamba, kwa kuwa wakubwa wa kijiji walikuwa wameenda harusini na boti ya wagonjwa. Hakufika.

Binti akalala. Miguu ikanyooka yote, nafasi ikabaki.

“Hii hii,” nikamwambia fundi. Moyoni niliomba binti asiinuke upesi, nizidi kumwona mama yake amenyoosha miguu.