Namba Arobaini na Moja

Dulla ni fundi wa makochi. Nalisema hilo mapema ili ujue nilikuwa nashughulika na mtu wa aina gani. Makochi yake yamejaa Mpanda nzima, na ukikalia moja Jumapili, ikifika Jumatano umeshagusa sakafu. Huyo ndiye waliyemleta asimame kando yangu mimi, Ignasi, niliyetumika miaka thelathini na sita kwenye karakana ya reli, aniambie kwamba behewa la mbao za msaji "litatoka freshi tu, mzee wangu."

Behewa lenyewe lilikuwa limetupwa kwenye reli ya pembeni, nyuma ya stesheni, mpaka kuku wakalizoea kuliko abiria. Mama mmoja alikuwa anahifadhi humo magunia ya mpunga wa Mwamkulu. Kisha ikaja kampuni kutoka Dar es Salaam na mpango wake: watalii wavutwe kwa injini ya mvuke mpaka huku, washuke, waende kuangalia viboko wa Katavi. Mabehewa matano ya zamani yafufuliwe, na hili letu liwe la kwanza. Yaani mtu atoke Ulaya aje akalie kwa hiari yake benchi la mbao ambalo mama zetu walililaani kuanzia Kaliua mpaka hapa. Mbele yao sikucheka. Nilichekea nyumbani.

Lakini kazi niliitaka. Tangu nistaafu nilikuwa nalima mahindi, na mahindi hayajali kama uliwahi kuwa fundi. Msimamizi wa mradi, injinia Raya, alitueleza wazi siku ya kwanza: behewa hili tutalitengeneza wawili, mimi na Dulla, likishakaguliwa, mmoja wetu atakuwa fundi mkuu wa manne yaliyobaki, na jina lake litachongwa kwenye bati la shaba mlangoni. Jina langu kwenye shaba! Nililitaka jambo hilo mpaka ugali ukawa unapita kooni bila mimi kujua nimekula nini.

Huyo injinia naye alikuwa mtoto wa juzi mwenye helmeti nyeupe isiyo na hata mkwaruzo. Kila kitu kwake kilikuwa urithi. Msumari wenye kutu, urithi. Kitasa kilichovunjika, urithi. Kinyesi cha popo darini nacho alikitazama muda mrefu kabla hajaruhusu kifagiliwe.

Wiki ya pili nilimfumania Dulla. Alikuwa amechanganya unga wa mbao na gundi, anaziba tundu kwenye fremu ya dirisha kwa kidole, huku anapiga mluzi. Nilifoka mpaka wauza karanga wa stesheni wakaja kuangalia.

"Nyie mafundi wa makochi mnadhani mbao ni jino, eti linazibwa tu?"

"Mzee wangu, tundu lenyewe kama punje ya mahindi," alisema. "Nikipiga msasa na vanishi, hata wewe hulioni."

"Ndiyo wizi wenyewe huo! Nisilione!"

Nikaenda moja kwa moja kwa injinia. Nikamwambia mbao iliyooza hukatwa, ikawekwa mbao nyingine. Anayejaza unga wa mbao kwenye behewa atolewe, awe nani, awe wa lini. Raya alipenda maneno hayo. Akayaandika kwa herufi kubwa, akayabandika mlangoni, na chini yake akaongeza kwamba ni pendekezo la Mzee Ignasi. Nilipita mbele ya karatasi ile mara nne siku hiyo, mara tatu bila sababu.

Dulla hakubisha. Aliukwangua ule uchafu wake kwa patasi, akachonga kipande cha msaji, akakipachika. Kilikaa sawasawa. Nilidhani kabahatisha.

Ili apate adabu, nikampa nyundo yangu na kumwamuru agonge kila mbao ya behewa lile, moja baada ya nyingine. Mbao nzima ukiigonga inaitika. Mbovu inanyamaza. Nyundo hiyo ina namba 41 kwenye mpini. Kule karakana ya reli kila fundi alikuwa na namba yake. Ilikaa kwenye vifaa vyake, na kila alipokarabati mbao alilazimika kuigonga pembeni kwa muhuri wa chuma, ili msimamizi ajue wa kumlaumu. Basi kila asubuhi Dulla alikuwa anakuja, "Shikamoo mzee," anachukua nyundo, jioni anairudisha. Siku ya tatu alikuwa ameanza kusikia uozo ambao mimi nilikuwa nimeupita. Sikumwambia.

Ijumaa ya ukaguzi Raya alikuja na makaratasi yake. Ilibaki boriti moja tu, ile ndefu ya chini inayobeba sakafu. Dulla alilala chali chini ya behewa, mimi nimechuchumaa karibu yake. Ko, ko, ko, ko. Kisha pu. Akarudia. Pu.

"Mzee, hapa pananyamaza."

"Udongo wa mchwa huo. Endelea."

"Pasueni," alisema Raya kutoka nje.

Dulla akachomeka patasi. Kipande chembamba cha mninga kikabanduka kama mfuniko wa sufuria, na nyuma yake kulikuwa na shimo la urefu wa mkono wangu, limeshindiliwa unga wa mbao na gundi iliyogeuka rangi ya sukari guru. Vumbi lote likammwagikia kifuani. Mimi nikacheka kwa sauti.

"Unaona?" nikamwambia. "Wapumbavu wenzako hawakuanza leo! Boriti inayobeba watu! Aliyefanya hivi si fundi, ni mbwa. Angefungwa kwenye reli, treni ipite."

Dulla alikuwa anafuta ukingo wa boriti kwa kidole gumba, polepole, na chini ya uchafu namba zikaanza kujitokeza. Nne. Kisha moja.

Ndipo nikakumbuka. Desemba ya 1987, siku mbili kabla ya Krismasi. Kuikata boriti ile kulihitaji siku mbili nzima, na treni ya kuja huku Mpanda ilikuwa inaondoka saa tisa mchana na behewa hilohilo. Nilitaka kula sikukuu nyumbani. Nikashindilia, nikafunika, nikagonga namba kwa sababu msimamizi alikuwa amenisimamia mlangoni, kisha nikapanda. Nilisafiri humo humo, juu ya shimo langu, nikila mayai ya kuchemsha. Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo nilisahau, na nikaishi miaka yote hiyo nikiwatukana wengine.

"Kuna namba ya fundi hapo?" Raya aliuliza.

Dulla aliutazama mpini wa nyundo mkononi mwake. Akaitazama boriti. Akanitazama mimi.

"Ipo," alisema. "Arobaini na moja."

"Mzee Ignasi, wewe ulikuwepo enzi hizo. Arobaini na moja alikuwa nani?"

"Alishafariki," nikasema.

Neno lilitoka haraka, wala sikulitafuta. Dulla akaukunja mkono wake juu ya mpini, namba ikafichika.

"Mungu amrehemu," alisema.

"Afadhali yake," alisema Raya. "Kwa sheria yako, mzee, leo ningemfukuza."

Boriti tuliikata mimi na Dulla kwa siku mbili, zilezile mbili nilizozikwepa. Jumatatu Raya akanitangaza kuwa fundi mkuu, kwa kuwa, alisema, hakuwahi kuona mtu anayechukia kazi mbovu kama mimi. Dulla akawa msaidizi wangu. Alipiga makofi kuliko wote. Bati la shaba lipo mlangoni, jina langu limechongwa vizuri, na chini yake ile karatasi bado imebandikwa.

Nilimsubiri Dulla aje kuomba kitu. Angetaka ruhusa za kila siku, au kazi nyepesi, ningemwelewa. Watu wa namna hiyo nimewazoea na najua kuishi nao. Hakuomba kitu. Hakumwambia mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imechukua miaka thelathini na nane, na aliyenikuta mwishoni mwake ni fundi wa makochi.

Makochi yake bado ni takataka, hilo silifuti. Ila nyundo sikuweza kumwomba tena tangu Ijumaa ile; jioni anaondoka nayo, inalala kwake. Kila asubuhi anakuja kazini, anainama kidogo, ananikabidhi kwa mikono miwili kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa, namba ikiwa upande wa juu.

"Shikamoo, fundi mkuu."

"Marahaba," naitikia, na macho yangu yanabaki kwenye nyundo.