Jua la Jumanne

Mimi ni mbishi, sifichi. Hata redio nabishana nayo. Jumatatu ile, mtangazaji aliposema kwamba kesho jua litapatwa, kipande tu, si lote, nilimjibu hapo hapo mbele ya mashine yangu ya kuchapa: "Keshokutwa, bwana. Kasome kwanza."

Nilikuwa na haki ya kujigamba, au nilidhani ninayo. Kiwanda chetu kidogo kinachapa kalenda tangu enzi za marehemu baba, naye aliniachia daftari lenye hesabu za kupatwa kwa jua. Kila kupatwa, aliandika, hurudi baada ya miaka kumi na minane, siku kumi na moja na saa nane. Zile saa nane ndizo zinazosogeza kivuli, kikawaangukia watu wa upande mwingine wa dunia. Ukitaka kirudi kwenu, ngoja mizunguko mitatu: miaka hamsini na minne na siku thelathini na tatu. Nilihesabu kuanzia kupatwa alikokuona yeye, nikaangukia Jumatano, na Jumatano hiyo nikaiwekea duara jeusi kwenye kalenda zote za mwaka ule.

"Mama, redio zote zinasema Jumanne," binti yangu aliniambia. "Na simu pia."

"Redio imechapa kalenda ngapi?"

Akacheka, akainua mikono juu. "Haya bosi, yaishe."

Huyo binti ndiye macho ya kiwanda. Tulimwita Darubini. Anachanganya wino kwa kutazama tu, na akikwambia nyekundu hii imezidi njano kidogo, usibishane naye. Hata mimi sibishani. Macho yangu yamechoka siku nyingi, nyekundu zote kwangu ni moja. Bila yeye tungefunga milango, na yeye mwenyewe hana kazi nyingine anayoipenda. Niliyahofia sana macho yale. Ndiyo maana nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nikaazima kioo cheusi cha kukinga macho na jua, nikakifungia kwenye droo kikisubiri Jumatano.

Jumanne asubuhi kulikuwa na wingu jepesi. Tulikuwa tunachapa jalada jekundu la kitabu cha shule. Sisi rangi hatuikagui chini ya taa, taa inadanganya. Karatasi inatolewa uani ikakaguliwe kwa mwanga wa jua. Darubini alitoka nayo, akarudi amekunja uso.

"Nyekundu imepoa, mama. Imekuwa kama kahawia."

"Ongeza wino."

Akaongeza, akatoka tena. Kupitia mlangoni niliona ua umefifia kama chumba chenye taa inayoishiwa mafuta. Upepo wa baridi ukapita kwenye nguo zilizoanikwa, na kuku wa jirani wakanyamaza wote kwa pamoja. Kitu ndani yangu kiliniambia nimwite mtoto, nifunge mlango. Ubishi ukaniambia leo ni Jumanne.

"Bado!" alipaza sauti. "Sijui ni wino, sijui ni jua!"

"Ni wingu hilo. Litazame mpaka lipite, halafu ukague tena."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimwambia alitazame.

Alikaa nje muda mrefu. Nilipomwita alijibu kwa furaha: "Mama, njoo uone! Limemegwa! Wala halichomi!" Nilikimbia mpaka nikaangusha mkebe wa wino. Nilimkuta amesimama uso juu, macho wazi, anatabasamu, na nyuma ya lile wingu jua limebaki nusu. Nilimvuta ndani nikamzaba kofi, mtu mzima wa miaka thelathini.

"Unanipigia nini? Si wewe umeniambia nitazame?"

Nilimuuliza kama anaumwa macho. Akasema haumwi hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana jua huunguza kitovu cha jicho bila maumivu.

Mchana nilifungua daftari la baba. Chini kabisa ya ukurasa, kwa penseli iliyofifia, aliandika kwamba siku ni thelathini na tatu kama katikati kuna Februari ndefu kumi na tatu; zikiwa kumi na nne, punguza siku moja. Nilizihesabu kwa vidole, nikarudia. Zilikuwa kumi na nne. Na mimi ndiye niliyezipanga tarehe ishirini na tisa za Februari kwa mikono yangu, karibu zote! Nililia kwa hasira juu ya meza ya kukatia karatasi.

Jumatano jua lilitoka zima. Darubini alikuja kazini mapema, akasimama uani na karatasi nyekundu mkononi. Aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia. Akaisogeza karatasi karibu na pua, akaiacha ianguke.

"Mama, njoo hapa," alisema polepole. "Njoo karibu."

Nilisogea mpaka pumzi zetu zikakutana. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, vidole vikipapasa paji la uso na pua.

"Masikio yako nayaona," alisema. "Nywele naziona. Mama, uso wako uko wapi?"