Pampu Hewa

Mwendesha pampu alikuwa bado analisugua gari la zimamoto, maana wageni wa mkuu wa kituo walikuwa wanakuja kulikagua, simu ilipolia: banda la mafundi cherehani linaungua. Alitupa kitambaa akarukia garini. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa na cherehani zake humo.

Walifika upesi, jambo la kushangaza. Maji ya tenki yaliuchapa moto ukaanza kunywea, watu wakapiga makofi, kisha mpira ukakohoa na kulegea. Tenki limekauka. Nyuma tu ya banda kulikuwa na shimo la zamani la kuchimbia mawe, limejaa maji pomoni. Mwendesha pampu akaingia hadi kiunoni, akazamisha bomba la kuvutia maji, akarudi mbio kwenye gari. Hapo akakwama.

Sababu yenyewe ilikuwa inatia kinyaa hata kuieleza. Pampu kubwa ya gari hurusha maji mpaka juu ya ghorofa, lakini hewa haiiwezi. Bomba likiwa na hewa, itazunguka bure mpaka iungue. Ndiyo maana kando yake huwekwa kipampu kidogo chenye kazi moja tu, kuifyonza hewa ile yote ili maji yapande na pampu kubwa iyadake. Kile cha kwao kilikufa mwaka jana. Mkuu alitangaza kikaoni kwamba kipya kimenunuliwa na kufungwa, na mwezi huohuo akapaua nyumba yake. Mahali pa kipampu palibaki matundu ya bolti, yamepakwa rangi nyekundu nzuri ili wageni wasiyaone. Wengine wana wafanyakazi hewa, wao wakawa na pampu hewa, tena ya kutolea hewa. Kituo kizima kiliucheka utani huo, na yeye alicheka nao.

Walijaribu kuijaza pampu kubwa kwa ndoo. Maji yote yakateremka na bomba, yakarudi shimoni. Watu wakazomea: zimamoto gani hawa, kila siku wanakuja bila maji? Dada yake hakuzomea. Alichota kwa beseni, akamwagia moto, akachota tena, hadi paa lilipoangukia cherehani zake.

Mkuu alifika na mwandishi wa habari, sare imenyooshwa kwa pasi. Akaeleza kwamba vijana wake walipambana kiume, ila eneo hili halina maji kabisa. Kisha akamgeukia mwendesha pampu, ambaye mkataba wake wa kibarua ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuuongeza ni mkuu huyohuyo.

"Si ndiyo, kijana?"

Mwendesha pampu akapiga saluti.

"Ndiyo, mzee. Maji hayakuwepo."

Dada yake alikuwa amesimama nyuma ya mwandishi, beseni mkononi. Alimtazama kuanzia viatuni hadi kiunoni.

"Na hiyo suruali, mdogo wangu, imeloweshwa na nini?"